Taa ya Jikoni Imewashwa

Ugomvi wetu ulianzia kwenye taa ya jikoni. Mume wangu anarudi kazini, hata viatu hajavua, anapitiliza jikoni, kisha anatokea mlangoni na uso wa hakimu. "Umeacha taa inawaka tena, mchana kweupe." Namwambia sijaigusa. "Basi imejiwasha yenyewe." Namwambia huenda. Hapo anacheka kile kicheko chake cha puani, na mimi nikikisikia kicheko hicho natafuta kitu cha kurusha.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko sebuleni, karibu na mlango, na kutwa nzima nashona sare za shule. Mtu anayekata vitambaa vya watu anajua mkono wake umefanya nini. Jiko letu lina giza kwa sababu jirani alijenga ukuta mbele ya dirisha, kwa hiyo kweli taa nilikuwa nawasha, lakini nikimaliza nazima. Nikirudi kuchota maji, naikuta inawaka. Ikafika mahali nikaanza kujitilia shaka mwenyewe, na hilo ndilo sikumsamehe.

Mtaani wanamwita Injinia. Anatengeneza mashine za kuchapisha za maofisini, na kitu chochote chenye skrubu hakimpiti bila kufunguliwa. Kufunga tena ni habari nyingine. Jioni moja akaja amekumbatia boksi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. "Sasa mbivu na mbichi zitajulikana," akasema. "Nyumba yenyewe itasema nani anawasha."

Ndani ya boksi mlikuwa na kikompyuta kidogo kama kipande cha sabuni, kamera, vidude vya kuhisi mtu akipita, spika, na visanduku vyeupe alivyoviita rilei, vya kukata umeme na kuurudisha kwa amri ya simu. Alijifunza kwa kutazama video, chakula kinapoa mbele yake. Wiki zile nyumba haikuwa na amani. Feni ilikuwa inawaka kila paka akipita. Pasi ilinizimikia katikati ya marinda. Pampu ilijaza tangi mpaka ua ukawa bwawa, naye yuko kazini anabonyeza "zima, zima" kwenye simu na huku intaneti ya nyumbani imekatika. Nilikimbia na sketi ya mtu mkononi kwenda kuchomoa waya.

Kilichonichosha zaidi ni ile spika. Alikuwa ameitia sauti ya mwanamke, Kiswahili chake kimenyooka utadhani anasoma taarifa ya habari. "Feni ya sebuleni imewashwa." "Pampu ya maji imezimwa." Nikambatiza jina la mke mwenza. Asubuhi namwambia Injinia, "Amka, mwenzangu keshaanza kusema." Alikuwa anacheka, na mimi nacheka. Bado tulikuwa tunaweza kucheka wakati ule.

Swichi ya jikoni ndiyo iliyomtoa jasho. Nyumba hii ni ya wazazi wake. Baba mkwe wangu, ambaye mimi sikumkuta, alikuwa fundi umeme na nyaya zote alizipitisha mwenyewe kabla ukuta haujapigwa lipu. Swichi yake ya jikoni ilikuwa haina juu wala chini: leo ukiibonyeza chini inawasha, kesho ukiibonyeza chini inazima. Tulishaizoea, kama unavyomzoea mtu mwenye kigugumizi. Injinia alipoifungua alikuta nyaya zilizozidi. Alitegemea mbili, na mle kulikuwa na nyingine zinapanda ndani ya ukuta kwenda asikokujua.

"Mzee alikuwa anafanya nini hapa?" akauliza, bisibisi mdomoni.

"Muulize mama yako," nikasema, kisha nikauma ulimi.

Maana Mama hakuwa mtu wa kuulizwa tena. Alikuwa chumba cha nyuma, kwenye kitanda kile kile cha mbao nzito alicholalia mumewe mpaka akafa, upande wa kushoto umegusana na ukuta. Kiharusi kilimpiga mwanzoni mwa mwaka. Kilichukua upande wake wa kulia na maneno yake yote. Daktari alitusimamisha kwenye korido, akatuambia hatambui watu wala hajui alipo, tumtunze tu na tusimchoshe kwa maswali. Mimi niliisikia kauli ile kwa huzuni. Injinia aliisikia kama ruhusa.

Simsemi vibaya. Alimpenda mama yake, na ndiyo maana alishindwa kumtazama. Mwanzoni alikuwa anaingia, anasimama miguuni pa kitanda, anakohoa, anatoka. Siku moja nikiwa namlisha Mama uji, akapigiwa simu na dada yake akiwa amesimama pale pale. Nikamsikia akisema, "Mama alishakufa, Dada. Hapa tunalea mwili tu." Aliisema kwa sauti ya kawaida, juu ya kichwa cha mama yake. Nikamfuta Mama mdomo. Baadaye alifunga kamera moja juu ya mlango wa chumba kile, inayosikia na sauti pia, akanionyesha kwa furaha jinsi anavyoweza kumwona Mama akiwa popote. Tangu siku ile hakuingia tena. Nililia kwa ajili hiyo, peke yangu, uso ndani ya kitambaa cha sare.

Basi rilei ya jikoni ikakubali. Alizifunga nyaya zote kama alivyozikuta, ila sasa kila taa ikiwaka spika inasema, na simu inaandika imewashwa na nani: kwa simu, kwa sauti, au kwa swichi ya ukutani.

Siku iliyofuata, mchana, nilikuwa nakunja pindo. Nyumba kimya, mtoto wetu yuko shule ya bweni, Injinia yuko kazini. Mke mwenza akasema, "Taa ya jikoni imewashwa."

Mguu wangu ulisimama juu ya pedali. Nilijua sina mtu jikoni. Mlango wa nyuma nilikuwa nimeufunga kwa komeo, na ili uingie jikoni ni lazima upite mbele ya cherehani yangu. Nikaita, "Nani?" Nikachukua mkasi mkubwa, nikaenda. Taa inawaka juu ya sufuria zangu. Hakuna mtu. Nikaenda kumwangalia Mama, nimuone mtu mwenzangu walau anapumua. Nilipofungua mlango wake, nyuma yangu, kule sebuleni, sauti ikasema, "Taa ya jikoni imezimwa."



Nilimpigia Injinia simu, nikamwambia mke mwenza kachanganyikiwa. Akaangalia kwenye simu yake. "Inasema ni swichi ya ukutani," akasema. "Mtu ameibonyeza kwa mkono."

"Mtu gani?"

"Si wewe?"

Nilimkatia simu. Lakini jioni hakuja na uso wa hakimu. Alikaa jikoni kwenye stuli akiitazama swichi, na mimi nimekaa naye, tukimenya viazi kama wezi. Ikawa kila siku. Inawaka mchana, inawaka alasiri, mara nyingine inawaka na kuzima na kuwaka tena, kwa hasira. Na jambo lililonitisha kuliko yote ni hili: nikiiacha jikoni inawaka nikaenda kwa Mama, inazima yenyewe. Kama kwamba shida yake ilikuwa ni mimi niende tu.

Nikafanya kosa la kumwambia wifi yangu. Dada Mkubwa ni mkubwa kweli, kwa umri na kwa sauti, na ndiye aliyetulelea familia kwa simu kutoka mji mwingine. Alikuja Jumapili, akakaa sebuleni na mkoba mapajani, tukangoja. Mke mwenza hakutuangusha. Taa ilipowaka, wifi aliweka mkono kifuani.

"Baba," akasema taratibu. "Ni Baba anamwita Mama."

Injinia akasema, "Dada, ni hitilafu."

"Hitilafu gani? Wewe hukuwepo. Ulikuwa mbali kikazi, ulikuja kuzika. Baba koo lilipomziba sauti, alikuwa anamwita Mama kwa taa. Mwulize mkeo, Mama alimsimulia."

Ni kweli alinisimulia. Nilikuwa bado bibi harusi, tunapepeta mchele, akasema kama anayesema jambo dogo: "Baba yenu alikuwa ananiita kwa taa. Nikiiona tu naacha sufuria motoni nakimbia, asije akadhani nimemchoka. Nikiingia, anaizima. Ndiyo ilikuwa asante yake." Mimi nilijua anasema kurunzi. Kulikuwa na kurunzi moja kubwa juu ya kabati la chumba chao, ndefu kama mkono, na kila nilipoifuta vumbi nilimwona mzee yule nisiyemjua akimulika ukuta wa korido. Wifi naye, aliyekuwa keshaolewa mbali wakati ule, alijua hivyo hivyo.

"Sasa sauti hana, kurunzi hana," wifi akasema, machozi yanamshuka. "Anamwita kwa alichokijenga mwenyewe. Anataka kumchukua, na nyinyi mnamwacha amelala kwenye kitanda kile kile. Mtoeni humu."

Hapo ndipo lilipopangwa. Kuna nyumba ya kutunzia wagonjwa kule anakokaa wifi, safi, wauguzi kutwa kucha. Jumamosi angekuja na gari lenye kitanda. Nilisema Mama hakuwahi kupenda kulala nje ya nyumba yake hata siku moja. Wifi akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: "Wifi yangu, tunajua ulivyohangaika. Lakini hajui alipo. Kwake ni sawasawa." Nikamtazama Injinia aseme neno. Alikuwa anaangalia sakafu.

Haya yote walikuwa wanayasema sebuleni, mlango wa chumba cha nyuma uko wazi.

Siku ya pili yake Injinia akaishughulikia ile hitilafu. Mimi nadhani aliogopa, na mwanamume akiogopa anachukua bisibisi. Alisoma, akatazama video zake, akaniambia kwamba waya mrefu ukipita ukutani sambamba na waya wenye umeme unaweza kuidanganya rilei ikadhani swichi imebonyezwa. Alifurahi kweli kupata maelezo hayo. Akazikata zile nyaya za ziada, akazifunga utepe mweusi, akazisukuma ndani ya ukuta. Swichi yenyewe ikabaki pambo. Taa ikawa inatii simu na sauti tu.

Na kweli, taa ikatulia. Hakuna kuwaka, hakuna kuzima. Injinia akala vizuri. "Umeona Baba alivyokuwa?" akanitania. "Alikuwa mita chache za waya." Nilicheka kidogo, ila sikustarehe. Nyumba ilikuwa kimya kama mtu aliyeambiwa anyamaze.

Badala ya taa, kikaja kitu kingine. Kamera ya chumba cha Mama ikaanza kupeleka taarifa kwenye simu ya Injinia: sauti imesikika. Akiifungua, Mama amelala vilevile, macho yanatazama juu, na kwa mbali kuna kitu kinagonga. Tik. Tik tik. Kidogo sana, kama mjusi, kama mbao inayokauka. Nilikuwa nakisikia na mimi tangu zamani nikipita koridoni, nikidhani ni kitanda. Sasa kilikuwa hakikomi. Tik tik tik tik, kinaacha, kinaanza. Simu ilimtetemekea Injinia mfukoni mbele ya wateja mpaka akaona aibu.

"Nimezima taarifa za sauti," akaniambia jioni. "Zilikuwa zinanichanganya."

Ijumaa nilianza kumshonea Mama nguo ya safari. Niliwaza, kama wanamtoa nyumbani kwake, basi asitoke na kanga iliyofungwa kwa pini mbele ya watu wasiomjua. Nilitaka gauni linalofunguka mgongoni, ili wauguzi wasimvute mkono uliokufa. Nikachukua utepe wangu wa kupimia, nikaingia. Huwa siingii kwake saa zile, maana ndiyo kwanza nimetoka kumlisha.

"Nakupima, Mama," nikasema. Mimi nilikuwa naendelea kusema naye, daktari aseme asemavyo. Nisingeweza kumgeuza mtu kama gunia. Nikapima bega la kulia, nikapima kifua, nikatafuta mkono wa kushoto. Haukuwa juu ya shuka. Ulikuwa umezama kati ya godoro na ukuta, mpaka kiwiko. Nikadhani umebanwa. Nikauinua taratibu.

Kidole chake cha kati kilikuwa na sugu nchani, na katikati ya sugu ngozi imechanika, mbichi. Mimi nakijua kidole cha namna ile. Nilikuwa nacho mwaka wangu wa kwanza wa kushona, kabla sijanunua kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano. Ni kidole kilichosukuma kitu kimoja kigumu, tena na tena, na tena.

Nikapiga magoti, nikalisukuma godoro pembeni kwa bega. Ilikuwa chini kabisa, chini ya usawa wa godoro hili jipya nene tulilomnunulia baada ya kuugua. Swichi. Ndogo, ya kahawia, ya zamani, imefungwa pale ambapo mtu aliyelala angeteremsha mkono tu akaifikia. Rangi ya ukuta kuizunguka ilikuwa imekwanguka mpaka lipu imeonekana. Nikaibonyeza.

Tik.

Sikusimama mara moja. Nilielewa vyote kwa pamoja, navyo vilikuwa vingi mno kwa kifua kimoja. Haikuwa kurunzi. Mzee aliyekosa sauti alijipitishia nyaya kutoka kitandani mpaka jikoni, mahali ambapo mkewe alikuwa anashinda, ili aweze kuita. Na mkewe, zamu yake ya kukosa sauti ilipofika, alilala kwenye kitanda kile kile na akakumbuka. Si Baba aliyekuwa anamwita Mama. Ni Mama aliyekuwa anatuita sisi. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa anaita, na sisi tunagombana nani kaacha taa. Alikuwa anaita akiwa peke yake, kwa kuwa nani anamwita mtu aliye mbele yake? Kamera iliona upande wake wa mlangoni tu. Nikiingia, anazima, ndiyo asante yake, na mimi naiogopa. Kisha mwanawe akakata waya, naye akaendelea kubonyeza mpaka kidole kikachanika.

Nikauinua uso. Mama alikuwa ananitazama. Miezi yote ile nilikuwa nayaita macho yake matupu kwa sababu niliambiwa ni matupu. Hayakuwa matupu. Alikuwa amekasirika. Ilikuwa hasira kamili ya mama mkwe, ile aliyokuwa ananipa zamani nikiunguza maharage, na mimi sijawahi kufurahi hivyo kwa kuchukiwa. Nikalia juu ya mkono wake nikisema "nisamehe, Mama, nisamehe," naye hakupepesa.

Injinia alirudi alasiri. Nilimsubiri mlangoni, bisibisi yake mkononi mwangu.

"Rudisha nyaya za jikoni."

"Nyaya gani? Kuna nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Ni misuli tu, mke wangu. Daktari alisema mwili unaweza kujitikisa wenyewe."

"Misuli inajua kuzima taa mtu akiingia?"

"Usijitie matumaini. Kesho gari linakuja."

"Ndiyo maana nasema rudisha leo. Taa isipowaka, mimi mwenyewe nitampandisha kwenye gari. Injinia, rudisha, ama hii cherehani utaikuta barabarani na mimi juu yake."

Alirudisha. Akaangusha skrubu, akaitafuta chini ya jiko akitukana kimoyomoyo. Alipomaliza tulisimama wote wawili chini ya taa, tukangoja. Mchuzi ulikuwa motoni. Dakika zilipita. Hakuna kitu.

"Unaona," akasema. Alisema kama mtu aliyeponea chupuchupu, na hapo nikajua kwamba sehemu moja ya moyo wake ilikuwa inaomba isiwake.

Kisha nikajigonga paji la uso. Mama angejuaje? Kwake kile kitu kilishakufa. Alikibonyeza siku nzima nzima na hakuna aliyekuja; naye mtu huchoka. Nikaenda chumbani, nikainama sikioni kwake. "Mama, waya ulikuwa umekatika. Umeshaungwa. Taa ya jikoni ni nzima. Mwanao yuko jikoni, na kesho wanataka kukuhamisha. Kama una neno, ita." Nikaurudisha mkono wake penye ule mwanya kati ya godoro na ukuta, taratibu, kwa ajili ya kidole. Aliuvuta. Aliuvuta kweli, kwa nguvu zake ndogo, akauweka kifuani, akageuza macho ukutani. Nilitoka nikiwa nimekufa moyo. Nilijisemea, tumechelewa, keshatuchoka.

Jikoni Injinia alikuwa amekaa kwenye stuli. Hakuniuliza. Niligeuza mchuzi ambao haukuhitaji kugeuzwa. Kule nje mtu alikuwa anagonga bawaba za mlango wa bati, anazitengeneza, na kila pigo tulishtuka.

"Taa ya jikoni imewashwa," akasema mke mwenza.

Mwanga ulitumwagikia. Injinia aliinua uso, akaitazama balbu, kisha akaitazama swichi ya ukutani ambayo hakuna mkono juu yake. Rangi ilimtoka. Sikuona furaha. Nilimwona akirudi nyuma katika kichwa chake, siku moja moja, neno moja moja, mpaka miguuni pa kile kitanda na simu sikioni.

"Alisikia," akasema. "Ile siku. Alinisikia."

"Ndiyo."

"Nilisema alishakufa."

"Nilikuwepo. Nenda, unaitwa."

Hakunyanyuka. "Nitamwambia nini?"

Taa ikazima, ikawaka. Ikazima, ikawaka. Mke mwenza alikuwa anajitahidi kuitangaza yote, anaikata sentensi moja kuanza nyingine. Simu ya Injinia ikalia juu ya meza, ni Dada Mkubwa. Akaitazama kama kitu kinachong'ata. Nikaipokea mimi.

"Wifi, gari limepatikana," akasema. "Mmemwandaa?"

"Dada, njoo bila gari. Mama ameita."

Wifi akauliza, "Baba amemwita?"

"Hapana. Baba amelala. Mama ndiye anaita. Alikuwa anaita siku zote, yuko na akili zake, na tuliyoyasema yote anayo. Sasa hivi anamwita mdogo wako, naye amekaa kwenye stuli."

Nilisikia pumzi ya wifi ikikatika kule upande wa pili, kisha akaanza kulia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya msichana. Nikaiweka simu mezani bila kuikata. Taa ilikuwa imeacha kuchezacheza. Ilikuwa inawaka tu, inangoja.

"Mama yako alikuwa anaacha sufuria motoni," nikamwambia. "Alikuwa anakimbia, mzee asije akadhani amechokwa."

Injinia akasimama. Akavua viatu, sijui kwa nini, akaviacha katikati ya sakafu ya jikoni. Hakukimbia. Alikwenda koridoni akipapasa ukuta kwa kiganja, juu kule ambako nyaya za baba yake zinapita ndani, mpaka akaufikia mlango ambao hakuuvuka tangu alipoweka kamera yake juu yake. Akasimama. Nilidhani atarudi.

Kisha nikamsikia akiitika, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa tangu mchana akajifanya hasikii, na sasa giza linaingia naye hajui atapokelewaje.

"Naam, Mama."

Mlango ukalia. Nikazima moto chini ya mchuzi. Nyuma yangu, kule sebuleni, mke mwenza akasema, "Taa ya jikoni imezimwa."